Sigara Mbili, Usiguse

Tangu nistaafu, Bi Mishi ananitumia ujumbe kila Ijumaa kuniuliza kama nimeshaandika. Anataka vijana wa karakana yake ya Ukunda wajue kazi ya useremala ilikuwaje kabla hajaleta mashine ya kuranda. Nimemwambia sina mengi. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini, hayo yalinipita kando, na mengine yalinipita mbali sana. Ninachokijua ni mbao, gundi na sigara. Hii ya tatu ilitaka kuninyang'anya zile mbili za kwanza, kwa hiyo nitaandika juu yake zaidi, na Bi Mishi anisamehe.

Nilianza kazi Msambweni, kwa fundi aliyeitwa Athmani. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza shule, mrefu, mwembamba, na mtu wa kuhangaika. Nikikaa, goti linatikisika. Nikisimama, mikono inatafuta cha kushika. Siku ya kwanza Athmani hakunipa msumeno wala patasi, alinipa kigoda. Alikuwa ameunganisha miguu ya meza kwa gundi na kuibana kwa klampu. Akatoa sigara kwenye paketi iliyokuwa rafuni, akaigusisha kwenye kaa la jiko tulilochemshia gundi, akaipepea mpaka ikashika moto, kisha akailaza kwenye msumari uliokunjwa ukingoni mwa meza ya kazi. Ikabaki pale inafuka moshi. Akaniambia, "Sigara mbili. Usiguse." Akaenda zake uani.

Hiyo ndiyo iliyokuwa saa yetu. Saa ya ukutani ilikuwapo, lakini vumbi la mbao lilikuwa limeingia ndani na kuisimamisha saa mbili na dakika kumi, na Athmani hakuona sababu ya kuibandua. Saa ya mkononi kwa fundi wa gundi haimalizi mwezi. Basi vijiti vya kiti vilikuwa sigara moja, mguu wa meza sigara mbili, fremu ya mlango sigara tatu. Ikisha kuungua ya mwisho, unalegeza klampu. Kabla ya hapo, hata ukiwa unawashwa na mbu, mkono hauendi kwenye klampu.

Nilikaa siku mbili nikitazama sigara nzima, nzuri, ikiungua bure. Mimi nimelelewa na mama asiyetupa hata maji ya kuoshea mchele. Siku ya tatu nikaiona dhambi. Athmani alipotoka, nikaiondoa kwenye msumari nikaimalizia mwenyewe. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka, lakini niligundua kwamba muda unakwenda vizuri zaidi ukiwa na kitu mdomoni, na goti langu likatulia. Athmani aliporudi alinitazama, akaitazama meza, hakusema kitu. Kunyamaza kwa Athmani kulikuwa na maana nyingi, nami nilichagua ile iliyonifaa. Kuanzia siku hiyo tukawa karakana ya wavutaji wawili, au ndivyo nilivyoamini kwa zaidi ya miaka thelathini.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nililiweka moyoni muda wote huo. Ramadhani ya kwanza nikiwa pale, niliingia karakana baada ya adhuhuri nikakuta sigara inafuka kwenye msumari. Mchana kweupe, mji mzima umefunga. Mara Athmani akatokea uani akijipangusa mdomo kwa kanga ya zamani. Fundi wangu, mtu wa safu ya mbele msikitini, alikuwa anakula mwezi mtukufu. Nilifanya nililofundishwa kwetu: ukiona aibu ya Mwislamu mwenzio, msitiri. Nikafunga dirisha la barabarani, nikachukua kipande cha plaiwudi nikaupepea moshi uelekee uani. Athmani akaniuliza kama nasikia joto. Nikamwambia ndiyo, joto jingi. Kila Ramadhani nilifanya hivyo hivyo, na sitawaficha, nilijiona mtu mwema kupita kiasi. Mimi mwenyewe mchana wa Ramadhani sikuwa navuta. Niliomba kazi ya kukata na kuranda, na gundi yangu nikaiacha mpaka baada ya futari.

Baada ya miaka mingi macho ya Athmani yakaanza kuchoka, akafunga karakana, nami nikaja Ukunda kwa marehemu mume wa Bi Mishi. Nilikuja na randa yangu, patasi nne, na kipimo changu cha sigara. Pale kulikuwa na saa mbili na redio, lakini haukupita mwaka karakana nzima ikawa inapima kwa mdomo wangu. Mutua, fundi wetu wa vanishi aliyetoka Machakos na Kiswahili chake cha Nairobi, alikuwa akipaza sauti kutoka upande wa pili, "Mzae, hiyo mlango iko fegi ya ngapi?" Nami nikamjibu ya pili inakaribia nusu, naye akajua kama ana muda wa kwenda kunywa chai. Bi Mishi alipochukua usukani baada ya mumewe kufariki, alibandika karatasi mlangoni ya kukataza sigara. Ilikuwa ya watu wote isipokuwa mimi, kwa kuwa mimi nilikuwa chombo cha kazi.

Nikiri jambo moja la kifundi. Viungo vyangu havikuwa kama vya Athmani. Vyake, ukitaka kuvivunja, mbao hupasuka kabla kiungo hakijaachia. Vyangu vilikuwa vizuri, lakini mara mojamoja kiti kingerudi kikiwa kinacheza. Nilisingizia hewa ya bahari. Nilisingizia gundi ya siku hizi. Nilisingizia wageni wa hotelini, kwamba ni wanene.

Miaka tisa iliyopita pumzi ilianza kunisumbua. Kubeba ubao wa mvule kutoka kwenye lori mpaka ndani nikawa napumzika mara mbili, na kikohozi changu kikawa kinamwamsha mke wangu, Mejumaa, kabla ya adhana. Yeye ndiye aliyenipeleka hospitalini, akaingia nami mpaka ndani ili nisije nikasema uongo. Daktari alikuwa kijana, ananiita mzee kwa adabu zote, lakini hakuzunguka. Alisema mapafu yangu yanabeba mizigo miwili, vumbi la mbao na moshi, na kwamba hayana nguvu tena ya kuibeba yote. "Mmoja utaushusha mwenyewe, mzee wangu," akaniambia. "Chagua ni upi." Akanipa barakoa za vumbi na tarehe ya kurudi.

Njiani kurudi Mejumaa hakusema neno, na mke anayenyamaza njia nzima ameshakuchagulia. Nilijua pia kwamba bila useremala mimi si mtu wa kukaa nyumbani. Siku tatu za Idi tu naanza kurekebisha milango ya majirani ambayo haijaharibika. Basi nikaacha sigara. Niliacha siku ya Jumamosi, baada ya kuvuta nne mfululizo za kuagana.

Vijana, watu watawaambia kuacha ni nguvu ya moyo. Mimi naona ni kazi ya mikono. Mkono wa miaka thelathini unakwenda mfukoni bila kukuomba ruhusa, na usipoupa kazi nyingine utarudi na kitu. Nilijiwekea sheria mbili. Ya kwanza, karafuu mdomoni asubuhi mpaka jioni. Ya pili, kila mkono ukielekea mfukoni, nishike randa nipige mikono ishirini, bila kubisha. Ilifanya kazi ajabu. Siku ya kwanza nilishika randa sijui mara ngapi, na jasho lilikuwa linanitoka mpaka hamu inasahau ilikuja kufanya nini. Tatizo ni kwamba nilikuwa naranda ubao wowote uliokuwa mbele yangu. Mlango wa duka moja la Kombani ulikwenda ukiwa mwembamba kiasi kwamba mwenye duka alituletea habari kuwa anaona taa ya jirani kupitia pembeni. Tukautengeneza mwingine, na Bi Mishi akanichagulia gogo la mwembe la kurandia hamu zangu. Gogo lile liliisha kwa wiki mbili, na watu wa mtaa mzima wakapikia maranda yake.

Lakini randa haikuweza kunipa saa. Nilipobana kiungo, nikakaa, sikujua muda. Dakika tano bila sigara zilikuwa ndefu kuliko mchana wa kufunga. Mutua aliniwekea simu ipige kengele, nikaishika na gundi, ikanata sikioni mpaka tukaitoa kwa maji moto. Nikatazama saa ya ukutani, nikaona mshale hauendi, nikaamini imesimama kama ile ya Msambweni. Mwishowe nilikuwa nakadiria kwa moyo, na moyo wangu wakati ule ulikuwa na haraka kuliko mimi.

Wiki ile tulikuwa na kitanda cha harusi cha watu wa Msambweni. Cha mvule, nakshi kichwani, na mama wa bibi harusi alisema asione msumari hata mmoja, kila kiungo kiwe cha ulimi, tundu na gundi. Nilikifanya mwenyewe. Siku ya saba tangu niache sigara, mashangazi walikuja kukikagua. Ukoo ule haupokei kitanda kwa kukitazama tu. Hukikalia. Walikuwa saba, wamevaa leso mpya, wamejaa vizuri, wakaketi wote kwa pamoja na wa kwanza akaanzisha wimbo. Hawakufika kiitikio. Nilisikia kile kiungo cha mguuni kikiachia, sauti ndogo kama mtu anayeng'oa jino, kisha mashangazi saba wakaenda chini kwa mpangilio, wa kushoto kwanza.

Hakuumia mtu, alhamdulillahi, ila heshima. Shangazi mkubwa aliinuka, akarekebisha leso yake, akamwambia Bi Mishi kwamba baada ya siku nne atarudi na wenzake, na kama kitanda ni hiki, bibi harusi atalala kwenye mkeka na Ukunda nzima itajua sababu. Sikuwahi kuona haya kama ile siku. Nilikiinua kile kiungo nikaona gundi imetanda kama utando wa maziwa, haijashika popote. Nilikuwa nimelegeza klampu mapema mno.

Jioni ile Bi Mishi aliniita ofisini. Juu ya meza alikuwa ameweka paketi mpya ya sigara na kiberiti. Yule mwanamke aliyebandika karatasi mlangoni alikuwa ameingia dukani mwenyewe, na buibui lake, kununua sigara. Aliongea kwa upole, na upole wake ndio unaotisha. "Rashidi, mimi nakuombea afya kila sala. Lakini watu kumi na moja wanakula kwa jina la karakana hii. Kama saa yako ni sigara, vuta, tumalize kitanda hiki. Kama huwezi kuvuta na huwezi kupima, kaa nyumbani upumzike." Nje Mutua alikuwa akijifanya anachanganya vanishi. Hata yeye akaniambia, "Mzae, moja tu. Ya kazi."

Niliitia ile paketi mfukoni nikaomba siku moja. Hali yangu ilikuwa nyepesi kueleza: nikivuta nitabaki na kazi na kupoteza pumzi, nisipovuta nitabaki na pumzi na kupoteza kazi. Mtu pekee niliyemjua anayeweza kupima gundi kuliko mimi alikuwa Athmani. Asubuhi nikaenda Msambweni, mkono ukiwa juu ya mfuko njia nzima, kama mtu aliyebeba yai.

Nilimkuta barazani kwake, mzee sasa, akitia makali mbuzi ya kukunia nazi ya binti yake. Macho yamefifia lakini kidole gumba bado kinasoma chuma. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, akanitambua kwa sauti. Nilimweleza yote, daktari, kitanda, mashangazi. Kwenye mashangazi aliniomba nirudie. Kisha nikamuuliza nililolijia: yeye alipoacha sigara, alipimaje?

"Niliacha lini?" akauliza.

Nikamwambia sijui, nadhani uzeeni.

Aliweka mbuzi chini. "Rashidi, mimi sijavuta sigara hata moja tangu kuzaliwa. Kifua changu hakikubali. Wewe ndiye uliyekuwa ukivuta."

Nikamkumbusha paketi ya rafuni, msumari, moshi. Akasema kweli, aliziwasha, kwenye kaa, kwa mkono, na kuzilaza. Nimwambie siku gani nilimwona nayo mdomoni. Nikatafuta kichwani miaka yote ile. Sikupata hata siku moja. Na mimi macho yangu yalikuwa mazima.

Hapo ndipo lile la Ramadhani liliponitoka. Nilimwambia nilimsitiri, dirisha, plaiwudi, upepo kuelekea uani. Nilimwambia sikumwambia mtu, hata mke wangu. Athmani akaanza kucheka bila sauti, mabega tu, mpaka binti yake akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Mchana ule wa Ramadhani Athmani alikuwa uani akitia udhu. "Kumbe wewe ndiye uliyekuwa ukifunga dirisha," akasema akijifuta machozi. "Nilikuwa nasikia joto kama nini."

Alipomaliza kucheka, uso wake ulibadilika. Akaniuliza nilianza kuvuta wapi. Nikamwambia kwake, siku ya tatu. Akasema yeye alidhani nimekuja nayo kutoka kwetu, na hakutaka kumwaibisha mtoto wa watu. Tulikuwa tumesitiriana zaidi ya miaka thelathini, na hakuna aliyekuwa na aibu ya kusitiriwa.

Akaninyooshea mkono nimpe sigara moja. Akaiwasha kwenye kaa la binti yake, akailaza kwenye msumari wa nguzo ya baraza, msumari wa kutundikia taa. "Kaa uitazame," akasema. "Usiguse."

Ndugu zangu, nimebeba mbao, nimekatwa na msumeno mara mbili, lakini kazi ngumu kuliko zote niliyowahi kufanya ni ile. Sigara ilikuwa hatua moja kutoka kwangu, moshi wake unanijia usoni kwa heshima kabisa. Nilikalia mikono yangu. Goti likaanza. Nikaona jivu likisogea polepole, likirefuka, halianguki. Mimi nilizoea kuimaliza kabla chai haijapoa. Hii ilifika nusu na chai aliyoniletea binti yake ilikuwa imeshapoa. Nikaanza kuelewa vile viti vilivyorudi. Sigara mbili za Athmani zilikuwa nne zangu, na kilichokuwa kikiokoa viungo vyangu ni ile tabia yangu ya kupiga soga katikati.

"Umekuwa ukiivuta saa yako," akasema Athmani. "Unaimaliza haraka, halafu unashangaa muda hautoshi."

Nilimuuliza kama basi niwe naziwasha na kuzilaza. Akakataa. Alisema gundi haijui sigara. Ile inayojitokeza pembeni ya kiungo ukibana ndiyo inayosema: ukiigusa kwa ukucha ikazama, subiri, ikikataa ukucha, legeza. Yeye siku zote alipima hivyo. "Sasa sigara ilikuwa ya nini?" nikamuuliza.

"Ilikuwa yako," akasema. "Hukuweza kutulia, ndiyo maana hata Ramadhani nilikuwashia ukikaribia kurudi kutoka adhuhuri. Nikatafuta kitu cha kukukalisha."

Nililia kidogo, na kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri nilidhani hakuona, lakini alimwita binti yake alete chai nyingine, ya moto.

Kitanda nilikifungua chote nikakianza upya. Kila nilipobana kiungo nilivuta kigoda, nikakalia mikono, na nilipoona tone la gundi limebadilika rangi nikaligusa kwa ukucha. Mara ya kwanza ukucha ulizama. Mara ya pili ukazama. Mutua alipita akaniuliza nasubiri nini na sivuti. Nikamwambia nasubiri gundi. Alirudi baadaye na kigoda chake akaketi kando yangu, na huo ndio mwanzo wa vile vigoda mnavyoviona mpaka leo kando ya kila meza ya kazi.

Mashangazi walirudi siku waliyosema. Safari hii walikuwa tisa, kwa usalama. Waliketi, wakaimba, wakafika kiitikio, wakakirudia, na shangazi mkubwa akajiinua na kujiachia mara tatu kwa makusudi huku akinitazama usoni. Kitanda hakikusema hata neno. Nasikia sasa wanalala juu yake watoto watatu na paka.

Athmani alitangulia mbele ya haki mwaka juzi, Mungu amrehemu. Daktari wangu amehamishwa, aliyekuja baada yake anasema kifua changu si kipya lakini kinafanya kazi, na nimemwambia hata mimi ndivyo nilivyo. Sanduku langu la zana nimewaachia nyinyi, Bi Mishi atawaonyesha. Chini ya randa mtakuta paketi ile aliyoninunulia, ina sigara kumi na tisa. Moja iliungua Msambweni. Msumari uliokunjwa mtauona ukingoni mwa meza yangu, niliupiga mwenyewe niliporudi, msiung'oe. Siku mkipata mtu kama mimi, mwenye goti lisilotulia, mpeni kigoda. Ila sigara msimwashie. Kaeni naye nyinyi.